Kuuza mtandaoni na kutuma mizigo mikoani bila kulizwa: mwongozo kamili wa malipo, boksi na ugomvi

Saa moja na nusu usiku, boda yuko getini anapiga honi, mteja yuko hewani anasema dada nimeshatuma, 185,000 hiyo, angalia meseji umruhusu kijana maana ana safari nyingine. Naangalia, meseji ipo kweli, majina yangu yote matatu, namba ya muamala, tarehe, kila kitu. Nikampa boda blenda na seti ya sahani. Nimerudi ndani nimekaa ndo naisoma vizuri, salio jipya wameandika 397,200, na mimi mchana ule nilitoka kutoa hela kwa wakala nikabaki na 6,000 na ushee. Hesabu ya darasa la pili hiyo, haifiki laki tatu hata ukiiombea. Napiga namba ya mteja haipatikani. Namba ya boda sina, boda alitumwa na yeye.

Miaka imepita, nauza vyombo vya jikoni mpaka leo, nachukua Kariakoo natuma Mbeya, Mwanza, Songea, Bukoba, na kwa staili ile sijalizwa tena ingawa kuna staili nyingine zimenipata na nitazisema. Hapa nimeandika navyofanya mwenyewe hatua kwa hatua, kwa mtu anayeuzia status ya WhatsApp, Instagram au Facebook, hana duka wala mwanasheria. Wa Kenya na kwingine mtabadilisha namba za menyu tu, utapeli ni ule ule.

Hatua ya 1: masharti kwanza, bei baadaye

Watu wengi wanaona aibu kumwandikia mteja masharti, wanaona atakimbia. Mteja wa kweli hakimbii, anayekimbia masharti alikuja na ya kwake. Mimi nina ujumbe mmoja nimeuhifadhi kwenye simu, kila oda naubandika hivyo hivyo nabadilisha bei tu:

"Bei 85,000 pamoja na ya kutolea. Nauli ya mzigo unalipa wewe. Natuma kwa basi kwa risiti, picha ya risiti utaipata. Ukipokea, fungua boksi huku unarekodi video bila kukata. Ukikuta tatizo niambie ndani ya siku 2 tangu siku uliyochukua mzigo. Ukitaka nitume kwa njia nyingine niambie kabla, na mzigo ukipotea kwa njia uliyochagua wewe hasara ni yako. Ukikubali andika NIMEKUBALI."

Lile neno NIMEKUBALI lina kazi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji na chati zinakubalika kama ushahidi, kwa hiyo usikubali makubaliano ya mdomo kwenye simu halafu siku ya kugombana mnaanza kukumbushana nani alisema nini. Mteja akikupigia mkakubaliana kitu, ukikata simu mwandikie, "kama tulivyoongea, rangi ni nyeusi, natuma kesho asubuhi, sawa?", akijibu "sawa" umemaliza.

Na hiyo "ya kutolea" usiipuuze jamani. Nusu ya makelele ya hela ndogo ndogo yanaanzia hapo, wewe umesema 50,000 mteja ametuma 50,000 kavu, ukitoa kwa wakala unakatwa unanuna, yeye anakuona mnafiki. Taja bei ambayo ya kutolea imo ndani, kelele zinaisha.

Hatua ya 2: hakikisha hela ipo, siyo meseji ipo

Hapa nakaa kidogo maana ndo watu wanapopigwa kila siku.

Meseji ya malipo usiichukulie kama hela, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ingia kwenye menyu mwenyewe uangalie salio: M-Pesa *150*00#, Mixx by Yas yaani Tigo Pesa ya zamani *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, au fungua programu ya mtandao wako. Salio lisipopanda, hela haijaingia, hakuna cha "mtandao uko chini itaingia baadaye". Ikiingia baadaye na mzigo utatoka baadaye.

Ukitaka kuzoea kuzitambua za uongo angalia vitu vitatu. Kwanza imetoka wapi, ya kweli inakuja na jina la huduma, ya tapeli mara nyingi inatoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, 06 sijui 07 fulani, na sababu hatuangalii juu tunakimbilia kwenye kiasi, tunaisoma kama ya kweli. Pili hesabu ya salio, tapeli anajua jina lako na namba yako ila hajui ulibaki na shilingi ngapi, kwa hiyo anabuni. Ndo maana mimi siku hizi kabla sijalala naandika salio kwenye daftari, mume wangu ananicheka, acha acheke. Tatu, skrinshoti. Skrinshoti ya mteja hata siiangalii, ile anaweza kuihariri mtoto wa form two.

Kuna hela nyingine inaingia kweli na bado ina balaa. Mteja anaitwa Asha kwenye chati, hela imetoka kwa jina la mwanaume sijui nani. Unauliza, anasema ni shemeji yangu. Inaweza ikawa kweli, sisi tunatumiana sana. Lakini kuna mchezo uko hivi, tapeli anamwambia mtu mwingine huko "nakuuzia simu, tuma hela namba hii", namba ni ya kwako wewe muuza vyombo, yule anatuma, wewe unaona hela imeingia unatoa mzigo kwa tapeli, kesho mwenye hela anaripoti katapeliwa na namba iliyopokea ni yako. Tapeli ameondoka na blenda, wewe umebaki unajieleza. Jina likitofautiana na oda ni kubwa, mimi naomba yule aliyetuma hela anipigie au aniandikie kwa namba ile ile iliyotuma, aseme analipia kitu gani na kiende kwa nani. Shemeji wa kweli atapiga, dakika moja tu.

Halafu kuna wa "nimezidisha". Amelipa 85,000, meseji inasoma 285,000, analia dada nimekosea nirudishie laki mbili mtoto yuko hospitali. Salio kwanza! Mara nyingi laki mbili hazipo, na siku nyingine hata ile 85,000 haipo. Ikiwa kweli imezidi, usimtumie kwa mkono wako kwenye namba nyingine anayokutajia, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urudishwe, na wewe wakikupigia hutakataa. Tapeli akisikia huduma kwa wateja anakata simu, yaani anakata hapo hapo.

Benki sina mengi. Karatasi ya kuonyesha hundi imewekwa benki siyo hela, hundi inaweza kurudi. Subiri isome kwenye akaunti.

Kama unauza kila siku chukua Lipa Namba, ile namba ya mtandao wa simu ya kupokelea malipo ya biashara. Jina la biashara linatokea kwa mteja kabla hajathibitisha, na miamala yako ya biashara haichanganyiki na ya shangazi aliyekutumia hela ya mchango. Siku ya kujieleza unatoa taarifa ya miamala ikiwa safi.

Hatua ya 3: hela iliyoingia inaweza kuzuiwa

Hii nilikuwa siijui mpaka iliponikuta. Mteja amelipa, salio limepanda, mzigo umepanda basi, jioni naangalia sehemu ya hela imezuiwa. Mteja kapiga huduma kwa wateja kasema alituma kimakosa. Mtandao ukipata ombi kama hilo na hela bado ipo kwako unaweza kuishikilia mpaka ujulikane ukweli, na hiyo siyo mbaya kwa yenyewe, siku ukikosea namba utaishukuru. Kenya kwa Safaricom mtu anaisambaza ile meseji ya muamala kwenda 456 kuomba irudishwe.

Kilichoniokoa ni chati. Nilikuwa na NIMEKUBALI yake, nilikuwa na picha ya risiti ya basi yenye jina lake na namba yake, na nilimwambia yule wa huduma kwa wateja kwamba jina langu linatokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri, sasa amekosea vipi wakati tumechati asubuhi nzima kuhusu jagi. Hela ikaachiwa baada ya siku kadhaa. Mbinu yangu tangu hapo: hela ikiingia namwandikia mteja palepale, "nimepokea 85,000 kutoka kwako saa 4:12 asubuhi kwa ajili ya jagi la umeme jeusi 1, namba ya muamala inaishia na hizi, mzigo unaenda Makambako", nasubiri ajibu. Akijibu ndo nafunga boksi. Watu watakwambia kutoa hela yote haraka kwa wakala ndo dawa, mimi siipendi hiyo, unaonekana kama wewe ndo mwizi.

Hatua ya 4: kufunga boksi mbele ya kamera

Ushindi wa ugomvi wa mzigo unapatikana siku ya kufunga, ukisubiri mteja alalamike ndo utafute ushahidi umechelewa.

Mimi navyofunga seti ya sahani za udongo ni hivi. Kila sahani naiviringisha gazeti peke yake, nazipanga zikiwa zimesimama wima kama vitabu kwenye kabati, siyo kulazana, maana zikilazana ile ya chini inabeba uzito wa zote na basi likiruka tuta inapasuka hiyo ya chini kwanza. Vikombe najaza gazeti ndani, mkono wa kikombe naufungia kitambaa au kipande cha godoro, kikombe huwa hakivunjiki tumboni, kinavunjika mkononi. Chini ya boksi naweka godoro bovu, nanunua vipande kwa mafundi wa sofa, bei ya mandazi. Boksi nikilitikisa lisilie. Likilia, nafungua. Halafu hilo boksi linaingia kwenye boksi kubwa zaidi na katikati yake naziba na magazeti yaliyokunjwa kunjwa. Selotepu naizungusha pande zote mbili kama zawadi.

Simu inarekodi muda wote, imesimama kwenye chupa ya chai. Video inaanza na ukurasa wa daftari wenye jina la mteja na tarehe, inaonyesha kila sahani mbele na nyuma, kitu cha umeme nakiwasha kwenye soketi kionekane kinazunguka, namba ya kiwandani chini ya mtambo naisogeza karibu na kamera isomeke, halafu nafunga, na mwisho kabisa nasaini juu ya selotepu kwa maka peni, nusu ya saini kwenye tepu nusu kwenye boksi. Mtu akifungua njiani akafunga upya, saini haikai sawa tena. Video sikati hata simu ikipigwa. Ya dakika 6 inatosha, namtumia mteja na ninaibakisha.

Ile namba ya kiwandani nakuomba uizingatie, kuna mteja alinirudishia blenda mbovu kweli, ila siyo ile niliyomuuzia, ni ya kwake ya zamani ya aina ile ile iliyoungua! Bila video ningemrudishia hela yake na pole juu.

Nje ya boksi naandika pande nne VYOMBO VINAVUNJIKA na mshale wa juu, jina la mteja, mji, namba zake mbili, jina langu na namba yangu. Vitu vya thamani kama simu au laptop usiandike kilichomo, andika NGUO au usiandike kitu nje, ila kwenye risiti kitajwe sawasawa.

Hatua ya 5: mzigo unaenda na nani

Kwanza jua hasara inahama lini kutoka kwako kwenda kwa mteja. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, kama mteja amekuruhusu umtumie mzigo basi ukishamkabidhi msafirishaji inahesabika umemkabidhi mteja, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wauzaji wakisikia hivyo wanafurahi sana, wanasahau kipande cha pili: muuzaji anatakiwa awekeane na msafirishaji makubaliano yanayoeleweka kulingana na aina ya mzigo, asipofanya hivyo mteja ana haki ya kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa. Kwa Kiswahili cha mtaani, ukimpa konda glasi 24 kwenye mfuko wa rambo bila risiti, ukamwambia "kaka nifikishie Iringa", zikipotea ni zako. Ukichukua risiti, ukataja kilichomo, ukafunga vizuri, una pa kusimama.

Ndani ya Dar natumia boda, ila boda wangu, ninayemjua kwake, siyo wa mteja. Mteja aking'ang'ania kumtuma wa kwake sawa, nampiga picha akiwa ameshika mzigo na plate ya pikipiki, zile zinazoanza na MC, zionekane, na kabla hajaondoka nampigia mteja kwa spika boda akisikia: huyu ndo uliyemtuma? Nimkabidhi? Na anaondoka na hela ikiwa kwenye salio. Lipia ukipokea naikubali kwa boda wangu tu, anakusanya yeye kwa Lipa Namba yangu na haondoki mlangoni mpaka nimwambie imesoma.

Kwa basi usiishie kwa konda, nenda ofisi ya mizigo ya basi lenyewe, iwe stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis au ofisi zao za mjini. Hakikisha kwenye risiti kuna jina lako, jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, namba zote mbili, mji wa kushushia, idadi ya maboksi, kilichomo na thamani yake. Hiyo thamani ndo karani anairuka kila siku, anaandika "boksi 1" anakupa. Mwambie aandike "boksi 1, vyombo, 240,000". Atakwambia ukiandika thamani nauli inapanda kidogo, lipa, hiyo tofauti ni bei ya usingizi wako. Soma na maandishi madogo ya chini, risiti nyingi nilizo nazo zimeandika kwamba vitu vya kuvunjika vinasafiri kwa hatari ya mwenye mzigo. Ndo ujue kwa glasi usitegemee fidia ya basi, tegemea gazeti na godoro lako, na mteja umwambie hivyo kabla hajalipa.

Usisahau mji wa kushushia. Nilishaandika "Tunduma" kumbe mteja anasema yuko njia ya Tunduma, anakaa Vwawa, basi limepita na boksi lake likaenda kulala mpakani.

Posta ni ya pole kuliko basi kwa baadhi ya njia lakini ina kitu basi halina, namba ya kufuatilia. Posta inakupa namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, halafu TZ mwishoni, ikianza na E ni EMS yaani huduma yao ya haraka, R ni rejista, C ni kifurushi. Kwa mteja wa nje ya nchi hiyo namba ndo kila kitu, na wale wa Kenya mnaopokea kwa PayPal mnajua mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko, akisema hajapokea unaulizwa namba ya kufuatilia, picha ya risiti ya basi haitakusaidia hapo. Jambo lingine, kwa taratibu za posta za kimataifa kifurushi kinahesabika mali ya mtumaji mpaka kimfikie mwenyewe, kwa hiyo anayetakiwa kuulizia kikipotea ni wewe uliyetuma, na dirisha la kuulizia ni miezi 6 tangu kukituma. Usimwambie mteja "fuatilia huko kwenu".

Kwa ndege, kama unatuma Mwanza au Bukoba kwa haraka, pauabenki, betri za lithiamu peke yake na pafyumu vitakutia matatani, ni vitu vya hatari ndani ya ndege, ukivificha na wakavikuta mzigo mzima unabaki. Na mizigo ya kuvuka Namanga au Tunduma mkubaliane kwa maandishi ushuru analipa nani, maana mzigo ukishikwa kila mtu anamwangalia mwenzake.

Hatua ya 6: mzigo ukiwa njiani

Fupi hii. Picha ya risiti kwa mteja, jina la basi, namba ya usajili wa basi, saa ya kutoka, namba ya ofisi ya kule anakoshushia. Mwambie aende na kitambulisho. Asubuhi ya siku inayofuata mpigie wewe, usisubiri akupigie, kwa sababu boksi likikaa ofisini siku nyingi linaanza kuhamishwa hamishwa, na hapo ndo mapasuko yanapotokea. Mwambie aliangalie nje kabla hajasaini kitabu chao, likiwa limebonyea au selotepu imefunguliwa apige picha palepale kaunta na karani aandike "limepokelewa likiwa limeharibika". Akishasaini akatoka, basi lenyewe linasema lilikuwa zima.

Hatua ya 7: ugomvi umeanza

Usijibu ukiwa na hasira, na usijibu kwa voisi noti. Andika. Uliza swali moja: nitumie video ya kufungua.

Akisema sijapokea, piga ofisi ya basi ya mji ule uulize kitabu kinaonyesha nani kasaini na namba gani ya kitambulisho. Mara nyingi utakuta kachukua mdogo wake. Kama kweli haupo, nenda na risiti ofisi uliyotuma, andika barua ya malalamiko, nakala wagonge muhuri, na mteja umpe taarifa kila siku hata kama hakuna jipya. Ukimya ndo unaomfanya mteja aende kukuanika.

Akisema kimevunjika na video ipo, angalia kilivunjika wapi. Boksi limebonyea na saini yangu imekatika, ni la basi, namsaidia kudai na mara nyingi nachangia nusu ya sahani zilizovunjika maana nataka arudi. Boksi zima na ndani sahani moja imepasuka, ni ufungaji wangu, natuma nyingine bila maneno. Video haipo, siku zimepita 5, na picha inaonyesha sahani ina mafuta ya pilau, hapo dada yangu tunasameheana.

Akisema siyo nilichoagiza, rudi kwenye video na picha uliyoposti. Kama picha ulichukua ya mtandaoni yenye rangi inayong'aa na wewe umetuma iliyopauka, umekosa wewe. Piga picha zako mwenyewe, kwa mwanga wa dirishani.

Ukikubali kurudisha hela, fuata mpangilio: mzigo urudi kwanza kwa risiti, ufungue kwa video ukilinganisha namba ya kiwandani, halafu hela irudi kwenye namba ile ile iliyolipa. Siyo "tuma kwenye namba hii ya rafiki yangu". Ukituma kwingine, aliyelipa anaweza kuja kusema hajarudishiwa na yuko sahihi.

Hatua ya 8: kwa nani unapeleka kesi

Utapeli wa hela, piga mtandao wako wa simu haraka iwezekanavyo, dakika zina maana, hela ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Namba iliyokutumia meseji ya kitapeli itume 15040, hiyo ni bure. Halafu polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, bila RB mtandao hautatoa taarifa za mtu mwingine, na hata polisi watataka uende na karatasi: chati umezichapisha, taarifa ya miamala, risiti. Kesi inaenda kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukiwa hapo piga na *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA usizozijua, matapeli wanatumia laini za watu.

Kifurushi kupotea, malalamiko yanaanzia kwa msafirishaji kwa maandishi, wasipokujali nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hao ndo wanaosimamia leseni za kusafirisha vifurushi na vipeto na mabasi yanayobeba vifurushi yamo. Deni la kawaida kati yako na mteja ambalo siyo utapeli, Mahakama ya Mwanzo ipo, ila kwa 60,000 piga hesabu ya nauli na siku utakazofunga biashara kwanza.

Kuanika mtu, yaani kuposti sura yake na namba yake na "MWIZI HUYU HAPA", najua inavutia, nilishafanya. Usifanye. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ukute yule uliyemposti ndo yule mwenye hela aliyetapeliwa kama wewe, umegeuka mshitakiwa kwenye kesi uliyokuwa mlalamikaji.

Mwisho ni daftari. Kila oda mstari mmoja: tarehe, jina, bidhaa, kiasi, namba ya muamala, namba ya risiti ya basi, video iko faili gani. Na risiti za basi zile za karatasi laini inayoteleza zipige picha siku hiyo hiyo na uzihifadhi mbali na jua, maandishi yake yanafutika. Nilienda kudai boksi baada ya miezi miwili, nikafungua pochi, nikamkabidhi karani karatasi nyeupe.